Kwa anayeanza kazi ya kuwalinda watu wenye ulemavu Nairobi: muulize mwenyewe kwanza

Kama umeajiriwa juzi katika ofisi ya ustawi wa jamii, au umejitolea na shirika la mtaani Kayole, Mathare au Mukuru, kesi yako ya kwanza ya mtu mwenye ulemavu itakufikia kupitia mdomo wa mtu mwingine. Jirani atapiga simu. Shangazi ataeleza. Keyateka wa ploti, yaani mtunza nyumba za kupanga, atakuonyesha mlango. Mhusika atakuwa ameketi pale pale, akisemewa kana kwamba hayupo. Katika kazi hii nimeona kesi nyingi zikifa, na mara nyingi chanzo kimekuwa hicho: hakuna aliyemuuliza mwenyewe, mapema, kwa njia anayoielewa.

Sheria tunazo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 29 kinamkinga yeyote dhidi ya ukatili, uwe wa serikali au wa watu binafsi, na hapo nyumba ya mtu haijaachwa nje. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na sheria ya 2003 iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu imepisha sheria mpya ya 2025. Zisome zote. Lakini hakuna hata moja inayoanza kufanya kazi kabla maneno ya mhusika hayajaandikwa mahali.

Namna ya kumsikiliza ina utaratibu wake. Kwanza zungumza naye mbali na mlezi, hata kama mlezi ni mtu mwema. Mara nyingi anayemdhuru ni mtu wa nyumbani, au ni mtu anayelipa kodi ya nyumba, na mama wa mhusika hawezi kumtaja mbele yako. Usimuulize maswali ya ndiyo na hapana. Mtu mwenye ulemavu wa akili aliyezoea kukaripiwa atakujibu ndiyo kwa kila swali ili umwache. Mwambie akueleze siku ilivyokuwa. Usimdai tarehe pia. Muulize kama ilikuwa kabla ya kanisa, au siku ile maji yalipotea mtaani. Anachosema kiandike kwa maneno yake, hata yakiwa yamevunjika. Akionyesha kwa mkono, andika mkono ulifanya nini, wala si maana unayoidhania wewe.

Kwa viziwi kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mtoto ambaye hajawahi kupelekwa shule huwa hajui Lugha ya Ishara ya Kenya. Ana ishara za nyumbani, alizozitunga na ndugu zake. Ukimletea mkalimani peke yake, wataangaliana tu, kisha mtu ataandika kwamba mtoto "hawezi kuwasiliana". Mtafute dada au rafiki anayezielewa zile ishara, awe amehakikishwa kuwa hahusiki na kesi, aketi pamoja na mkalimani. Ni kazi ya polepole. Tenga asubuhi nzima.

Kama ni ubakaji au unajisi wa mtoto, hospitali haingoji. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hutolewa ndani ya saa 72, na vidonge vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, ingawa kila saa inayopita huvipunguzia nguvu. Asioge. Nguo zikunjwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huzifanya zivunde. Hospitali ya Mama Lucy, Mbagathi au Kenyatta, anza na iliyo karibu. Huhitaji kupita polisi ndipo atibiwe. Hakikisha daktari amejaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na baadaye P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, na ulemavu wa mtu huyo uandikwe pia, maana utahitajika mbele. Usiku ukikukuta bila gari wala mwenzako, laini ya 1195 inapokea kesi za ukatili wa kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto.

Kituo cha polisi ndiko utakakopimwa. Huenda ukaambiwa, "Huyu atatoaje ushahidi kortini?" Ofisa anayesema hivyo si lazima awe na nia mbaya, wengi hawajafundishwa. Jibu lako liwe tayari, na liwe la upole. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ushahidi kinasema asiyeweza kuzungumza anaweza kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, na ushahidi huo huhesabiwa kuwa wa mdomo. Katiba, kifungu cha 50(7), inairuhusu mahakama kumkubali mtu wa kati amsaidie mlalamishi kuwasiliana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 31, inamtaja mtu mwenye ulemavu wa akili miongoni mwa mashahidi wanaostahili ulinzi huo, na hata kusikizwa faraghani. Beba nakala za kurasa hizo. Usiondoke bila namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Ukikataliwa, omba kuonana na mkuu wa kituo, kisha andikia IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ukitaja siku na saa.

Halafu watakuja wazee. Familia mbili zitaketi, fidia itatajwa, chifu wakati mwingine atakuwepo, na wewe utaombwa usiwaletee watu fitina. Kifungu cha 40 cha Sheria hiyo ya Makosa ya Kingono kinaacha uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzee wa mtaa hana mamlaka hayo, chifu hana, mama mzazi hana, na wewe huna. Sema hivyo mbele ya wote siku ya kwanza, kabla fidia haijapokelewa.

Kutelekezwa ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa sababu huko mkosaji na mhitaji mara nyingi ni mtu mmoja. Mama anatoka alfajiri kutafuta kibarua Industrial Area, anamfungia ndani mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa kufuli, akirudi ni magharibi. Sheria ya 2003 ilishafanya kumficha mtu mwenye ulemavu kuwa kosa, kwa faini isiyozidi shilingi 20,000. Mimi siamini kumkamata mama huyo ndiyo hatua ya kwanza. Pia sikubali kufuli liendelee hata wiki moja, maana mnajua moto unavyokula nyumba za mabati za Mukuru. Tafuta jirani au kituo cha kumtunza mtoto mchana, mpeleke KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, akapimwe, msajili kwa Baraza la Watu Wenye Ulemavu, mwombee Inua Jamii, pesa za msaada za serikali. Ukirudi ukute kufuli lingali pale baada ya msaada kufika, hapo afisa wa watoto aitwe, bila kusitasita.

Kuhusu Inua Jamii: ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, na mara nyingi hupokewa na mlezi. Angalia kama zinamfikia. Angalia godoro, nepi, chakula, vidonda vya mgongoni. Ukiona pesa zinaliwa na mtu asiyelala nyumba hiyo, piga ripoti na uombe mlezi abadilishwe.

Mtoto anayeombeshwa katikati ya jiji akiwa kwenye kiti cha magurudumu usimpite tu. Wengine wameletwa kutoka Tanzania na wafanyabiashara wa watu, na Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010 inawahusu. Usimnyakue mwenyewe, wajulishe wapelelezi na afisa wa watoto.

Kesi ikifika mahakama ya Makadara au Kibera, mwandikie mwendesha mashtaka mapema kwamba shahidi anahitaji mkalimani au mtu wa kati, kisha mpeleke mhusika akaione mahakama kabla ya siku yake. Panga gari, kwa kuwa makanga wengi hukwepa kiti cha magurudumu asubuhi. Tarehe zitaahirishwa. Namba ya kesi, siku ya kutajwa na simu ya mpelelezi viandike kwenye daftari lako na kwenye karatasi itakayobaki kwake, kwa Braille kama ndiyo anayosoma, kwa sababu familia huhama na wewe unaweza kuhamishwa kesi ikiwa bado katikati.