Kazi za mlinzi wa ghala la korosho: anza na geti

Umeuliza: umepata kazi ya ulinzi kwenye ghala la korosho Masasi, msimu ukianza Oktoba unaingia lindoni, na unataka kujua majukumu yako zaidi ya kukesha na rungu.

Mdogo wangu, ulinzi wa ghala unaanzia getini. Wizi mkubwa haurukii ukuta usiku. Unapita mchana, juu ya lori lenye karatasi. Lori likija kuchukua mzigo, usifungue kabla hujashika kibali chenye sahihi ya mtunza ghala. Linganisha namba ya gari, namba ya tela, jina la dereva na leseni yake. Herufi moja ikipishana, lori libaki nje hadi mtunza ghala aje mwenyewe. "Bosi anajua" si kibali.

Mzani ndiko wengi wanakozidiwa ujanja. Lori linapimwa tupu, kisha linapimwa na mzigo, na tofauti yake ndiyo korosho. Sasa dereva akipima tupu akiwa na pipa la maji la lita 200, halafu akayamwaga ndani ya uwanja, anaondoka na kilo 200 za korosho zisizoandikwa popote. Hizo ni gunia mbili na nusu. Kwa hiyo lori likipimwa mara ya kwanza, andika vilivyomo: matairi ya akiba, mapipa, minyororo, utingo wangapi. Lisipimwe mara ya pili mpaka vyote vionekane tena.

Wakati wa kupakia, simama mlangoni mwa ghala. Kwa gunia la kilo 80, tani 30 ni magunia 375. Hesabu kwa vijiti, vitano vitano, kwenye karatasi. Ukihesabu kwa mdomo, kuli mmoja akikusalimia umepotea. Kila magunia 50 linganisha na karani. Mkitofautiana, simamisha upakiaji hapo hapo, kwa sababu lori likishajaa, magunia ya katikati hayaonekani tena.

Ndani ya ghala tazama magunia ya pembeni na ya nyuma. Gunia lililolegea, tundu dogo au mshono wa uzi tofauti na mengine ni dalili kwamba korosho zinachomolewa kidogo kidogo. Toa taarifa kwa maandishi.

Kupokea lindo kwa maneno ni hatari kwako. Mzunguke wawili, wewe na mlinzi anayetoka, mshike kila kufuli, msome namba za lakiri (sili za milangoni), mwashe taa, ndipo msaini. Daftari la matukio liandikwe kwa kalamu ya wino: saa, tukio, wahusika, hatua uliyochukua. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na usaini pembeni. Usiache mstari mtupu, mtu ataujaza baadaye kwa jina lako.

Usiku badilisha njia na saa za doria. Mvua zikianza, kelele za bati hufunika mlio wa kufuli linalokatwa, na hapo ndipo inapofaa kuzunguka, ukiangalia pia panapovuja.

Moto usiuchukulie kawaida. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka kwa nguvu, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa vikae mbali. Kizima moto: mshale uwe kwenye kijani, vuta pini, lenga shina la moto, bana, yumbisha kushoto na kulia. Mtungi wa unga wa kilo 6 hauchukui hata nusu dakika kuisha, hivyo piga 114, namba ya zimamoto, kabla hujaanza.

Ukimkuta mtu anaiba mbele yako, unaweza kumkamata, lakini mkabidhi polisi bila kuchelewa. Ukimpiga, kesi inageuka kuwa yako.

Na kabla ya kusaini mkataba, soma kipengele cha zamu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kila saa unayofanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Waajiri wengi huiacha. Idai mapema, kabla msimu haujachanganya.