Flukonazoli imewekwa lakini Candida bado inachipua: usiseme ni usugu

Swali lilikuwa hili: seli za Candida albicans (fangasi wa seli moja moja) zimewekwa kwenye seramu, yaani majimaji ya damu, yenye flukonazoli, dawa ya fangasi, nyuzi 37 za Selsiasi, na baada ya saa 3 zimechipua kama kawaida mirija, yaani nyuzi ndefu zinazotoka kwenye seli. Je, kimelea ni sugu? Jaribio hilo haliwezi kukuambia.

Flukonazoli haigusi ergosteroli (mafuta ya utando wa seli ya fangasi) iliyokwisha kujengwa. Hufunga Erg11, kimeng'enya cha kuijenga, hivyo huzuia ile mpya tu, na seli uliyoikuza usiku kucha bila dawa huja na akiba yake kwenye utando. Akiba hiyo yatosha kutoa mrija wa kwanza. Kuza kwanza seli usiku kucha ndani ya dawa, tuseme robo ya kiwango cha chini kinachozuia ukuaji, ndipo uzihamishie kwenye seramu yenye dawa ileile. Amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi, hushika ergosteroli yenyewe, kwa hiyo haihitaji kusubiri akiba iishe. Ila amfoterisini B na kaspofangini, nayo dawa ya fangasi, hunaswa sana na protini za seramu, flukonazoli kidogo tu. Kwa hizo mbili tumia seramu ya 10% ndani ya RPMI (kimiminika cha kukuzia seli), vinginevyo dawa itaonekana dhaifu bure.

Sasa wingi wa seli, na hapa ndipo wengi huangukia. Osha seli mara 2 kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), kisha weka takriban seli milioni 1 kwa mililita. Zikijazana, farnesoli, kemikali zinayoitoa zenyewe, huzuia kuchipua hata pasipo dawa, nawe utaipa dawa sifa isiyo yake. Lazima pawe na sampuli ya kulinganishia yenye kiyeyushi cha dawa peke yake, bila dawa. Kama ni DMSO, isizidi 1%.

Kwenye hadubini tazama shingo, pale mrija unapotoka kwenye seli mama. Mrija wa kweli haubanwi hapo na kingo zake huenda sambamba. Ukiona kiuno kimebanwa, hiyo ni hifa bandia, yaani mnyororo wa seli ndefu zilizoshikana, si mrija wa kweli. Usiichanganye katika hesabu. Hesabu angalau seli 200.

Halafu panda sampuli hiyohiyo kwenye sahani isiyo na dawa uone ngapi zingali hai. Seli iliyokufa haichipui, na hilo si badiliko la umbo. Ukidai dawa imezuia umbo, onyesha kwamba seli zilizobaki za mviringo zilikuwa hai na zinaendelea kutoa vichipukizi.