Prado 90 au Prado 120 ya dizeli: anza na injini, mwaka baadaye

Anayechagua kati ya Toyota Land Cruiser Prado 90 na Prado 120 (toleo lililoifuata) zilizotumika mara nyingi huanza na mwaka. Aanze na injini. Zote zilitoka na dizeli ya cc 2,982, silinda nne. 1KZ-TE ya zamani ina pampu ya kawaida ya kuzunguka, 1KD-FTV iliyofuata ni ya komoni reli, yaani nozeli zote hulishwa dizeli ya shinikizo kubwa kutoka bomba moja. Bodi isikudanganye: kuanzia 2000, baadhi ya Prado 90 zilishafungwa 1KD. Soma kibao kilicho chini ya boneti.

1KZ huuawa na joto. Hedi yake (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ni ya alumini, na maji yakipungua mara moja tu inaweza kupasuka katikati ya valvu. Kaikague asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Minya hosi ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu kabla gari halijawashwa, gesi ya silinda imebaki kwenye maji tangu jana. Kisha fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame. Mapovu yasiyokoma ni hedi au gasketi yake. Ukikuta muuzaji ameshalipasha gari moto, rudi siku nyingine, hata akikubembeleza vipi.

1KD inaumwa nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda. Washa (ringi bapa) za shaba zilizo chini ya nozeli zikianza kuvuja, gesi iliyoungua hupenya hadi kwenye oili. Masizi yanaganda kama lami, yanaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na oili haipandi tena. Taa ya oili ikiwaka, mara nyingi turbo na bearing zimeshaumia. Kwa hiyo kusikiliza mlio hakutoshi: fundi ashushe sampo na kukagua lile chujio kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa amekujibu. Na nozeli zikibadilishwa, kwenye 1KD nyingi namba ya kila moja lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari.

Ndiyo maana anayeishi mbali na fundi mwenye mashine ya kupima namshauri 1KZ yenye hedi nzima. Kwa safari ndefu za lami, 120 yenye 1KD iliyotunzwa ina nguvu zaidi na hunywa mafuta kidogo.

Mkanda wa taimingi upo kwenye injini zote mbili. Bila ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Chini ya Prado 90, usipuuze bolijointi za chini za mbele, viungo vinavyoshikilia tairi. Uzito wa gari huzivuta zichomoke, na ikichomoka tairi linalala ukiwa mwendoni. Nyanyua gari, tikisa tairi juu na chini. Bolijointi ikicheza, funga mpya halisi pamoja na bolti zake nne. Kwenye 120, uliza kama nyuma ina springi au maputo ya hewa, maana maputo huzeeka na kuvuja.

Mwisho jaribu foo-wili yenyewe, kwenye udongo, si lami. Simama, weka gia kuu nyutro, ingiza gia nzito, kisha loki ya difu ya kati, inayofunga ekseli za mbele na nyuma zizunguke pamoja. Taa ikimetameta bila kutulia, mota ya kuifunga mara nyingi imekwama kwa kutotumika.