Form two unaruhusiwa, ila punguza hiyo mada

Dogo umeuliza kama form two wa shule ya kata anaweza kuingia Young Scientists Tanzania, yale mashindano ya utafiti wa sayansi, na utafiti wa maji ya kisima, we ingia tu, ile ni ya sekondari, ipo tangu 2011, ila tafuta mwenzako na mwalimu wa kuwasimamia. Sasa hiyo mada ya "uchafuzi wa maji Tanzania" utapotea, chukua visima vitatu vya mtaani kwenu, pima kila wiki, andika kwenye daftari na tarehe, hata siku kipimo kimegoma andika kimegoma. Majaji watakubana kwenye "umejuaje?", sio kwenye kizungu chako. Na kukopi mtandaoni acha bana, swali la pili tu ushaumbuka 😅