Maswali ya Wasomaji: Asasi Ndogo na Kampuni Zinazoajiri

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wachache tunaendesha asasi ndogo isiyo ya kibiashara inayowasaidia wafanyakazi wa kipato cha chini, hasa wafagizi, walinzi na wapakiaji wa maghalani. Badala ya kungoja wafadhili, tuliamua kushirikiana na kampuni zinazowaajiri. Kampuni tatu zimetupokea kwa bashasha, tukapiga nazo picha na kupewa fulana zenye nembo, lakini mpaka leo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyenufaika. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi unavyoeleza, mlikwenda kuomba, nanyi mkapewa kile ambacho mwombaji hupewa. Bila shaka waliowapokea ni watu wa kitengo cha uhusiano, ambao kazi yao ni kulinda jina la kampuni, na kwao picha na fulana zile ndizo mafanikio yenyewe. Mtu mnayemhitaji ni yule anayeumwa kichwa kila Jumatatu kwa sababu zamu haijatimia, yaani msimamizi wa kazi au mkuu wa utumishi, kwa kuwa yeye ana tatizo ambalo asasi yenu inaweza kulipunguza.

Tatizo hilo ni watu kuacha kazi. Mfanyakazi wa chini anapoondoka, kampuni hutangaza nafasi, hufanya usaili, humfundisha mgeni, huwalipa wengine muda wa ziada, kisha huvumilia makosa ya mgeni huyo mpaka azoee. Mwaka 2012 watafiti Heather Boushey na Sarah Jane Glynn walipitia tafiti kadhaa za Marekani wakaona kwamba, katika kazi zenye ujira wa chini ya dola 30,000 kwa mwaka, kumpata mtu wa kujaza nafasi moja hugharimu takriban asilimia 16 ya mshahara wa mwaka wa nafasi hiyo. Msiichukue takwimu hiyo mkaibandika kwenye kampuni ya kwenu kama ilivyo. Mwombeni msimamizi afungue daftari lake mwenyewe, ahesabu walioondoka mwaka uliopita na gharama ya kumwandaa kila aliyewafuata. Hesabu aliyoifanya kwa mkono wake ataiamini kuliko andiko lolote la mradi mtakalompelekea.

Baada ya hapo ndipo mnaweza kueleza mnacholeta. Wengi wanaoacha kazi za ujira mdogo, au wanaofukuzwa kwa utoro, huangushwa na mambo ya nje ya kazi: mtoto ameugua na hakuna wa kumwangalia, usafiri wa alfajiri umekatika, kodi ya nyumba imechelewa, au kuna karatasi ya serikali ambayo mtu hajui ijazwe vipi. Mambo hayo mfanyakazi hamwambii msimamizi wake, kwa kuogopa kuonekana mzigo, ila anaweza kumwambia mtu wa nje anayemwamini. Katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan huko Marekani, waajiri kadhaa waliungana mwaka 2003 kuanzisha shirika liitwalo The SOURCE, ambalo washauri wake huwasaidia wafanyakazi wa kampuni zote wanachama kutatua mambo ya namna hiyo. Uzuri wa mpango huo ni kwamba kampuni ndogo isiyoweza kumwajiri mshauri peke yake huweza kuchangia gharama zake pamoja na wenzake, na asasi haibaki mateka wa mwajiri mmoja. Kwa asasi yenye watu wachache kama yenu, naona hapo ndipo pa kuanzia.

Kama mnafikiria pia mafunzo, tafuteni nafasi kabla ya darasa. Mji wa San Antonio, Texas, ulipopoteza kiwanda cha Levi Strauss mwaka 1990 na wafanyakazi karibu 1,000 wakabaki bila kazi, makundi ya wananchi yaliyotokana na makanisa yaliwaendea waajiri kwanza kutafuta ahadi za nafasi zenye ujira mzuri, kisha ndipo mradi wa mafunzo uitwao Project QUEST ukaanza kuwasomesha watu kwa ajili ya kazi hizo, hasa za afya. Mara nyingi mambo hufanywa kinyume: asasi hufundisha ushonaji au kompyuta kwa sababu cherehani au kompyuta zimepatikana, halafu wahitimu huambiwa wakajiajiri.

Sasa niseme jambo ambalo hamkuliuliza. Ikiwa kampuni inalipa chini ya kima kilichowekwa na sheria, au inawaweka watu kwenye ukibarua wa miaka na miaka ili isiwape haki zao, msiingie nayo ubia, hata ikitoa mchango mkubwa kiasi gani, kwa kuwa mtakuwa mnaisaidia kuendelea na hali hiyo kwa unafuu zaidi. Kwa zile zinazofaa, andikeni hati ya makubaliano inayotaja kwamba vikao na mafunzo vitafanyika ndani ya saa zinazolipwa, na kwamba mfanyakazi hatatozwa chochote kwa kupata au kutunza kazi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kuwatoza wafanyakazi ada, isipokuwa pale mamlaka ya nchi inaporuhusu kwa masharti maalumu. Asasi ya hisani haina udhuru wa kufanya kinyume.

SWALI: Mimi ni mfanyakazi wa usafi. Asasi moja imekubaliana na mwajiri wetu tuwe tunapata mikopo midogo ya dharura, itakayolipwa kwa makato ya mshahara. Ninaihitaji, lakini naogopa mwajiri ajue shida zangu za nyumbani. Je, nikubali?

JIBU: Mpango wa aina hiyo unaweza kuwa mzuri. Kampuni ya Rhino Foods ya Vermont, Marekani, iliuanzisha mwaka 2007 pamoja na chama cha akiba na mikopo: mfanyakazi hupata mkopo wa hadi dola 1,000 kwa haraka, hulipa kidogo kidogo kupitia mshahara, na deni likiisha makato yaweza kuendelea kama akiba yake. Angalia kwamba mkopeshaji ni chama, si mwajiri.

Kabla hujasaini, uliza nani anahifadhi fomu yako na nani anaisoma. Mtunza mishahara hawezi kukosa kujua kwamba unakatwa, kwa maana yeye ndiye anayekata, lakini hana haja ya kujua kwamba fedha zilikwenda hospitali au kwa mwenye nyumba. Asasi ikikwambia kwamba inampelekea mwajiri taarifa ya kila mkopaji na sababu yake, kataa. Takwimu za jumla zinamtosha. Uliza pia riba yote pamoja na ada ni kiasi gani, na ukiacha kazi deni litalipwaje. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato ya mshahara yafanyike tu kwa masharti na viwango vilivyowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi aarifiwe. Ridhaa yako iwe ya maandishi, na nakala ubaki nayo.

SWALI: Chama cha wafanyakazi katika kiwanda tunachoshirikiana nacho kinasema asasi yetu ni mkono wa mwajiri. Tufanyeje?

JIBU: Wana haki ya kushuku, hasa kama mliingia kiwandani bila kuwajulisha. Haikuwa lazima iwe hivyo: mjini Milwaukee, Marekani, ushirika wa mafunzo uitwao WRTP ulioanzishwa mwaka 1992 uliwakalisha waajiri na vyama vya wafanyakazi pamoja tangu mwanzo, na wote wakawa na sauti katika kuamua nani afundishwe nini. Wapelekeeni viongozi wa chama hati yenu ya makubaliano waisome yote, pamoja na kiasi ambacho mwajiri anawachangia, na muwape nafasi katika kamati inayosimamia mradi. Madai ya mishahara waachieni wao, wala msikubali mwajiri awaite ninyi mezani ili kukikwepa chama. Mwajiri akikataa hati hiyo ionyeshwe kwa chama, mwulizeni ni kifungu kipi anachokificha, na msiendelee na kazi mpaka awajibu.