Kabla hujaisingizia kahawa

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa meno, swali la kama kafeini inachelewesha pandikizi la mfupa kushika ni zuri. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwa seli, na seli zinazojenga mfupa zinavyo vipokezi hivyo. Pia huongeza kidogo kalsiamu inayotoka na mkojo. Kwa hiyo shaka ina msingi, na majaribio kadhaa ya panya yameonyesha mfupa ukichelewa kupona.

Mimi nililiharibu jaribio langu la kwanza kwa chupa za maji. Nilichanganya kafeini humo nikidhani nimerahisisha kazi. Kafeini ni chungu jamani! Panya wale wakanywa maji kwa kusitasita, wakala kidogo, wakakonda. Wiki ya nane nikatazama slaidi, yaani vipande vyembamba vya mfupa chini ya hadubini, na mfupa mpya kwa kundi la kafeini ulikuwa hafifu kweli. Nikakimbia kwa msimamizi wangu na furaha tele. Akaniuliza neno moja tu: "Uzito?" Sikuwa nimewapima tangu siku ya upasuaji. Panya aliyekonda hupona polepole hata akinywa maji matupu, na mimi sikuwa na njia ya kutenganisha njaa na kafeini. Miezi ikaenda hivyo.

Siku hizi nawanywesha mmoja mmoja kwa sindano butu inayofika tumboni, na kundi la kulinganisha linapata maji kwa sindano ileile, maana kushikwa na kunyweshwa kwenyewe ni bughudha. Nawapima kila wiki, kwa sababu dozi hufuata uzito.

Kuhusu dozi, msibebe namba ya panya mkampa binadamu kama ilivyo. Kwa panya mkubwa wa maabara (rat), igaweni kwa 6.2. Miligramu 10 kwa kilo ya panya huwa kama 1.6 kwetu, yaani karibu miligramu 97 kwa mtu wa kilo 60, kikombe kimoja cha kahawa ya kuchuja. Ukimpa panya miligramu 100 kwa kilo, hapo unazungumzia vikombe kumi kila siku, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilitaja miligramu 400 kwa siku kuwa salama kwa mtu mzima. Nani anakunywa hivyo?

Mkitoboa fuvu la panya ili kuweka pandikizi, mwagieni maji ya chumvi muda wote. Joto la nyuzi 47 kwa dakika moja linatosha kuudhuru mfupa, kisha lawama inaangukia kafeini isiyo na kosa. Na mkihesabu matokeo, slaidi tatu za panya mmoja ni panya mmoja, si watatu.

Kwa wagonjwa mambo yanakorogeka zaidi. Wavutaji sigara wengi ni wanywaji wa kahawa, na sigara huharibu uponaji wa pandikizi, tena huifanya kafeini itoke mwilini haraka. Ulizeni vyote viwili.

Mzee mmoja aliniambia, "Kahawa mimi sigusi, daktari." Nikaandika sifuri. Mkewe akacheka: chai ya rangi asubuhi, mchana na usiku, na soda ya kola baada ya chakula. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, kimeandikwa "kahawa".