Moto wake uko wapi? Mkate wa ndizi kwenye eafraya

Mkate wangu wa kwanza wa ndizi kwenye eafraya, ile mashine ya kukaangia kwa upepo wa moto, ulitoka mweusi juu na uji katikati. Mwanangu mdogo aliuchungulia, akachovya kidole, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, huu tunaula kwa kijiko?" Ndizi tatu, mayai mawili na nusu kikombe cha sukari vikaishia kwa kuku wa jirani, na hata wao walianza na pembeni.

Nyumba yetu ya kupanga haina oveni. Eafraya nilinunua Kariakoo, ya lita nne, wati 1500, kwa ajili ya viazi na mapaja ya kuku kama watu wengi. Kilichonisukuma kwenye mikate ni ndizi zenyewe. Joto la Dar es Salaam halina huruma: kichana unakinunua Jumamosi kikiwa bado na ukijani, Jumatano kimeshatoka madoa, Ijumaa kimezungukwa na vijinzi na hakuna mtoto anayekigusa. Kutupa chakula sijalelewa hivyo.

Baada ya mkate wa pili nao kuungua, nikampigia simu bibi yangu Tanga. Hajawahi kuiona eafraya, lakini ameoka mikate ya kumimina tangu mama yangu hajazaliwa. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizia watoto wote mmoja mmoja, nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja.

"Huo moto wake uko wapi?"

"Uko juu, bibi. Na feni iko hukohuko juu."

"Na chini?"

"Chini hakuna."

Akacheka. "Sasa mjukuu wangu, wewe unaoka au unababua?"

Waliokulia Pwani watanielewa haraka. Mkate wa kumimina unaupika kwenye sufuria juu ya makaa machache. Unauacha ushike kutoka chini, juu utoke vitundu, ndipo unapopalia: unafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko ili uso upate rangi. Moto wa juu unakuja mwisho, na ndio mkali. Eafraya inakwenda kinyume, inapalia kuanzia dakika ya kwanza. Koili iko juu, sentimita chache tu kutoka kwenye chakula, na feni inausukuma upepo wa moto moja kwa moja kwenye uso wa mkate wako.

Wala mashine haina kosa. Mholanzi Fred van der Weij, ambaye ndiye aliyeibuni kabla Philips hawajaizindua Berlin mwaka 2010, alikuwa anatafuta namna ya kupata chipsi kavu bila karai la mafuta. Chipsi inataka ikauke nje upesi. Mkate wa ndizi unataka uso ubaki laini muda wa kutosha ili tumbo lipande kwanza. Uso ukishakauka mapema, kinachopanda ndani hakina pa kwenda, kinapasua juu kama jipu, na wewe ukiona ile rangi unadhani umeiva. Ukikata, uji.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: shusha moto. Mapishi mengi ya oveni yanasema nyuzi 175 au 180 kwa saa nzima. Kwenye eafraya mimi natumia 150, na wala sisogei hapo. Kijitabu kilichokuja na mashine yangu kilichora keki na kuandika 180. Nilikiamini mara mbili, na hizo ndizo mara mbili nilizokwisha kusimulia.

La pili, funika. Ukishamimina unga kwenye chombo, kifunike kwa foili na uikunje vizuri chini ya ukingo, ikaze kabisa. Nasisitiza kukaza kwa sababu feni ina nguvu. Foili iliyolegea inapeperuka na kwenda kugusa koili, na karatasi ya kuokea ikifanya hivyo inaweza kushika moto. Karatasi ya chini ya mkate haina shida, imeshakaliwa na unga, ila isitokeze masikio juu ya ukingo. Na usiiwashe mashine kwanza ikiwa na karatasi tupu ndani.

La tatu ni chombo, na hapa ndipo watu wengi wanaponunua vitu wasivyovihitaji. Kisufuria cha alumini kisicho na mikono, cha sentimita 18 hivi, kinatosha. Pima kwanza kwenye droo, kibaki na nafasi ya kidole kuzunguka pande zote, maana upepo lazima upite ushuke chini. Kikibana, hata ule moto kidogo wa chini unaoletwa na mzunguko wa hewa unaukosa. Unga usizidi nusu ya kimo cha chombo. Ukipata cha keki chenye tundu katikati, nunua, kwa sababu ile sehemu inayochelewa kuiva haipo tena, imekuwa tundu. Vyombo vya udongo na vioo vizito viache, vinachelewa kupata moto na mkate wako unakaa mbichi chini.

Sasa unga wenyewe. Ponda ndizi tatu kubwa zilizoiva sana, mtwike au nyingine za aina hiyo, zipatikane kama gramu 300 bila maganda. Kama unazo kisukari, chukua sita au saba, na punguza sukari maana zenyewe ni asali. Mzuzu uache kwa futari. Kwenye ndizi hizo weka mayai mawili, sukari nusu kikombe, mafuta ya kula theluthi ya kikombe, na mtindi vijiko vitatu vya chakula. Pembeni changanya unga wa ngano wa kawaida kikombe kimoja na nusu, bekingi soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chumvi robo kijiko, na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250, kinachobeba unga wa gramu kama 125. Vikombe vyetu vya chai vinatofautiana mno, kwa hiyo ukiwa na mizani, pima gramu 190 za unga usiwe na wasiwasi.

Kuhusu kuiva kwa ndizi sina mzaha. Ndizi ya njano safi bado ina wanga mwingi, na mkate wake unakuwa mzito usio na harufu. Subiri ganda liwe na madoa meusi nusu au zaidi. Ukiwa na haraka, unaweza kuziweka kwenye eafraya na maganda yake, nyuzi 150, dakika 15, mpaka ziwe nyeusi na laini. Zitapondeka vizuri, lakini utamu haufiki ule wa ndizi iliyoiva kwa siku zake. Na zikiiva siku usiyo na nafasi, menya, weka kwenye mfuko, gandisha. Zikiyeyuka zitatoa maji, usiyamwage, ndimo ulimo utamu.

Kisa cha magadi nisipokisema nitakuwa nimewaficha. Siku moja bekingi soda iliisha, nikaona magadi ya maharage kabatini, nikajiambia si ni kitu kilekile? Si kilekile. Magadi yana sodiamu kaboneti ndani yake, kali kuliko bikaboneti ya kwenye kopo. Mkate ulipanda kidogo, ukawa na rangi nzuri kuliko yote niliyowahi kupata, na ladha ya sabuni ya kufulia. Mume wangu alimaliza kipande chake kwa heshima, akaomba maji.

Mtindi nao haupo kwa mapambo. Soda inahitaji uchachu ili itoe gesi, na ndizi peke yake ina uchachu mdogo. Ukipenda tui zito la nazi badala ya mtindi, ambalo kwa kweli linapendeza na iliki, kamulia kijiko cha ndimu.

Kuchanganya: mimina unga mkavu kwenye ndizi, geuza kwa mwiko mpaka usione tena unga mweupe, basi, weka mwiko chini. Mabonge madogo ya ndizi hayana shida. Ukikoroga kama uji wa lishe, ngano inavutika na mkate unatafunika kama mpira. Blenda usiiguse hata kwa kuponda ndizi. Nimejaribu, mkate ulinata kwenye meno.

Washa eafraya tupu dakika tatu ipate moto. Ingiza chombo kilichofunikwa, nyuzi 150, dakika 30. Usivute droo kuchungulia, kila ukivuta unaumwaga moto wote. Baada ya hapo toa foili. Utauona mkate umepanda, juu bado mweupe na unang'aa kidogo, na usiogope, ndivyo tunavyotaka. Rudisha ukiwa wazi dakika 12 hadi 15. Huku ndiko kupalia kwetu. Dakika tano za mwisho simama karibu, maana rangi inakuja ghafla.

Kupima, bibi anatumia kijiti cha chelewa kilichooshwa, mimi natumia kijiti cha mshikaki. Choma katikati kabisa, si pembeni. Kikitoka na chembechembe zilizoshikana, umeiva. Kikitoka kimelowa, funika tena kwa foili, ongeza dakika sita, pima upya. Mashine hazifanani, na yako inaweza kuwa kali au pole kuliko yangu, kwa hiyo mkate wa kwanza uchukulie kama wa kuwafahamisha ninyi wawili. Andika dakika zako kwenye karatasi, bandika ukutani. Mimi yangu iko nyuma ya mlango wa kabati, na ina alama za mafuta kila kona.

Umeme ukikatika katikati? Umenikuta, dakika ya 20. Usifungue droo. Umeme ukirudi ndani ya dakika tano, endelea kama vile hakikutokea kitu, ongeza dakika tatu nne. Siku ile haukurudi. Nikawasha jiko la mkaa, nikachukua sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, nikakiweka kisufuria juu ya mchanga, makaa machache chini, nikafunika, na mkate uliposhika nikapalia makaa juu ya mfuniko. Ulichukua karibu nusu saa zaidi, ukazama kidogo katikati, na ulikuwa na ule moshi kwa mbali ambao eafraya haiwezi kukupa hata ukiibembeleza. Nilimpigia bibi kumwambia. Akasema, "Si ungeanzia huko."

Labda. Ila makaa yanataka mtu wa kuyakalia, na mimi Jumapili jioni nina sare za shule za kupiga pasi. Gharama pia si ya kutisha: mashine ya wati 1500 ikiwaka mfululizo dakika 40 inakula uniti moja ya LUKU, lakini hii ikishafika nyuzi 150 inazima na kuwaka, kwa hiyo mkate mmoja kwangu haujawahi kumaliza uniti nzima. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 350 na ushee kwa uniti, hiyo ni chini ya bei ya maandazi mawili mtaani kwetu.

Ukitoka, uache kwenye chombo dakika kumi, kisha uutoe upoe juu ya wavu. Ukiuacha humo mpaka upoe kabisa, mvuke unalowesha chini. Ukiukata wa moto unabomoka, na harufu itakushawishi, najua. Kesho yake ni mtamu zaidi, unyevu unakuwa umesambaa sawasawa. Kwa unyevunyevu wa huku, juu ya meza unakaa siku mbili, ya tatu anza kuukagua kwa ukungu. Uliobaki ukate vipande, gandisha, na asubuhi kipande dakika tatu kwenye nyuzi 150 kinatosha kwa chai ya rangi.

Wanaoniuliza kuhusu mikate miwili kwa mpigo: haiwezekani kwenye lita nne, na usijaribu kuuchanganya unga wote kwa pamoja ukisubiri zamu. Soda inaanza kazi ikigusa mtindi, na baada ya dakika 45 mezani gesi imekwisha toka. Andaa bakuli mbili za vikavu na mbili za ndizi, uchanganye za pili mkate wa kwanza ukishatoka. Mashine itakuwa imeshapata moto, kwa hiyo huo wa pili uanze kuupima dakika tano mapema.